Seti ya Sesame Street kwa mtoto wa mfungwa: imemfaa mtoto, imempita mtu mzima

Seti hii ya bure, ya watengenezaji wa Sesame Street, kipindi cha televisheni cha vikaragosi kwa watoto, ilitoka Marekani mwaka 2013, kwa Kiingereza na Kihispania. Ina video, kitabu cha hadithi na mwongozo wa mlezi. Imelengwa kwa umri wa miaka 3 hadi 8, na mpaka huo uheshimiwe: mtoto wa miaka 11 ataona vikaragosi ni vya wadogo zake.

Uzito wake uko kwa Alex, kikaragosi mwenye nywele za buluu ambaye baba yake yuko gerezani. Wenzake wanashughulika na magari ya kuchezea, mazungumzo yakigusa baba ananyong'onyea. Hataki kulisema. Hapo wamelenga penyewe. Mzazi akifa, shule huarifiwa na watu huja kutoa pole. Akifungwa, watu wazima hushusha sauti, na mtoto hujifunza kwamba hata kumkumbuka baba ni aibu.

Usimwashie video ukaondoka. Itazame kwanza peke yako, kisha mkae pamoja, uisimamishe pale Alex anapokasirika. Muulize mtoto jinsi Alex anavyojisikia, si jinsi yeye mwenyewe anavyojisikia. Atakujibu ya kwake kwa mlango wa nyuma. Halafu mwambie kwa kifupi baba yuko wapi, kwamba si kosa lake, na nani atamlea. Kama hukumu haijatoka, usimpe tarehe ya kurudi.

Uongo wa "Kasafiri kikazi" ndio unaoharibu zaidi. Mtoto husubiri zawadi, kisha husikia ukweli kwa mwenzake uwanjani, na tangu hapo hata neno lako la kweli halishiki.

Kabla ya kwenda kumtembelea, mweleze foleni, kupekuliwa, pengine kioo katikati, na kwamba baba hatatoka nanyi. Hilo la mwisho husahaulika sana, ndiyo maana kilio hulipuka mlangoni mkiondoka.

Kasoro: mke au mama wa mfungwa humu anatazamwa zaidi kama mlezi, huku mtaani akitazamwa kama mshirika wa kosa. Anaambiwa ajitunze, sawa, lakini nani anamsikiliza? Huzuni yake huanza upya siku ya hukumu, rufaa ikigonga mwamba, hata siku ya kuachiwa, kwa kuwa nyumba imeshazoea kuishi bila yule mtu.

Kwa mtoto wa chekechea na darasa la kwanza, ichukueni. Kwa kijana na kwa mke, tafuteni mshauri nasaha aliyewahi kufanya kazi na familia za wafungwa.