Krisps za mikoani Marekani: nimezionja njiani, hizi ndo za kutafuta (na angalia mafuta!)

Kwanza tuelewane majina. Huku Marekani ukisema chips wanakuletea krisps, zile za pakiti, na chips zetu za sahani wao wanaziita fries. Mie nitaandika krisps manake ndo neno nililokua nalo.

Naendesha lori, nakaa Pennsylvania mwaka wa sita sasa, kwetu Mombasa. Kazi inanipitisha majimbo mengi, na kila nikisimama kujaza dizeli naingia dukani kutafuta kitu cha kutafuna. Zamani nilikuwa nachukua Lay's tu kama kila mtu, sikuwa naangalia hata. Halafu siku moja nikashusha mzigo Hanover, mji mdogo karibu na mpaka wa Maryland, naingia dukani naona shelfu nzima imejaa Utz, Lay's zimesukumwa kule chini pembeni. Nikachukua Utz ya kawaida ya chumvi, nikakaa kwenye kabini nikafungua, na wallahi pakiti iliisha kabla sijamaliza kujaza karatasi za mzigo. Nyembamba hadi ukiiinua kwenye taa unaona mwanga unapita, inavunjika mdomoni bila kukukwaruza fizi, na ladha ya kiazi ipo, sio chumvi tupu. Toka siku ile nikaanza kuzitafuta za kila jimbo ninalopita.

Na ukiwa dereva utaelewa haraka kwa nini bado kuna krisps za mikoa. Krisps ni mzigo wa hewa. Trela la futi 53 ukilipakia krisps linajaa mpaka juu na lori bado linakwenda jepesi kama tupu, yaani unalipia dizeli kusafirisha upepo, tena upepo unaovunjika, na ukikaa sana ghalani unaanza kutoa harufu ya mafuta ya zamani. Kwa hivo kiwanda cha karibu kina nafuu yake, gari zake zinatoka asubuhi, muuzaji anakuja mwenyewe kupanga shelfu na kuondoa zilozeeka. Frito-Lay, wenye hizo Lay's, wako na PepsiCo toka 1965 na wana nguvu kila kona ya nchi, lakini Pennsylvania wenyeji hawajawaachia shelfu.

Hiyo Utz yenyewe imeanza 1921, Bi Salie Utz alikuwa akikaanga kwenye jiko la nje la nyumba yake pale Hanover, kama kilo 23 hivi kwa saa, na mumewe William anazipeleka madukani na kwenye masoko ya Baltimore. Niliposoma hayo nilikumbuka kina mama wa mtaani kwetu wanaokaanga krisps za muhogo jioni, mmoja anakata, mmoja yuko kwenye karai, kijana anafunga vipakiti na kuvipeleka kwa baiskeli. Ni kazi ile ile kabisa. Kina mama wetu hawapungukiwi na mkono, wanapungukiwa na mtaji, na hilo linaniuma kila nikipita kile kiwanda na kuona ukubwa wake.

Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya niandike, na ndugu zangu Waislamu mlioko huku naomba mlisome hili pole pole. Pennsylvania ina wakulima wengi wenye asili ya Kijerumani, wafugaji wa nguruwe toka zamani, na mafuta ya nguruwe ndo waliyokuwa wakikaangia kila kitu. Baadhi ya krisps za huku zinaendelea kukaangwa hivo hivo mpaka leo. Good's za Lancaster County ni za mafuta hayo. Na Utz wale wale wana pakiti nyingine inaitwa Grandma Utz, ile imekaangwa na mafuta ya nguruwe, na shelfuni zinaweza kukaa bega kwa bega na zile za kawaida zilokaangwa na mafuta ya mimea. Mie ilinikuta kazini. Mwenzangu mmoja, mzee mzuri sana, kasikia napenda krisps akaniletea Grandma Utz, ananambia hizi ndo za kienyeji hasa, bibi yangu alikuwa akinunua hizi. Nimeshaifungua, mkono uko ndani, ndo nikageuza nyuma kusoma. Viazi, lard, chumvi. Nikatoa mkono. Lard ndo mafuta ya nguruwe, na wengi wetu hatulijui neno hilo manake shule tulifundishwa pork, basi, ukiangalia pakiti huoni pork popote unadhani uko salama. Nilimweleza yule mzee kwa adabu, akaona haya zaidi kuliko mie, na Jumatatu akaja na pakiti ya Middleswarth ya barbekyu, kaisoma mwenyewe nyuma neno kwa neno kabla hajanipa. Sitamsahau kwa hilo.

Wanaokula nguruwe wanasema krisps za lard ndo zina mlio mkavu kuliko zote na haziachi utelezi mdomoni. Sijaonja na sitaonja, kwa hivo hapo siwezi kuzipa alama. Lakini nilichojifunza ni kwamba ukitaka kujua kwa nini krisps mbili za chumvi tupu zina ladha mbali mbali, usisome jina la mbele, geuza usome mafuta. Kiazi na chumvi ni vile vile, kinachobadilika sana ni mafuta na moto.

Hizo Middleswarth zenyewe, zinatoka Middleburg, katikati ya Pennsylvania, na barbekyu yao ni ya unga mwekundu unaoshika vidole, ina utamu kidogo na moshi, halafu pilipili inakuja nyuma baada ya kumeza. Tatizo lake ukitoka jimbo lile huzioni tena. Nikipita barabara ya 81 nachukua mbili.

Maryland lazima uonje Crab Chip ya Utz. Usiogope jina, kaa hamna mle ndani, ni viungo tu vile wanavyopikia kaa wa ghuba ya Chesapeake, vyekundu, vikali kiasi, vina chumvi nyingi. Hizi ndo zilonirudisha nyumbani. Kule Mombasa, Mama Ngina pale upande wa bahari, yule muuzaji anakukatia kona ya pakiti ya krisps za muhogo, anamimina pilipili ya unga, anakamua ndimu, anatikisa, unakula umekaa ukutani unaangalia meli zinaingia. Crab Chip ina kila kitu cha pale isipokuwa ule ukali wa ndimu. Kwa hivo mie siku hizi natembea na ndimu kwenye friji ndogo ya lori, nakamua nusu juu ya pakiti na nakula hapo hapo manake ukichelewa dakika tano zinalegea. Jaribuni kisha mniambie.

Detroit kuna Better Made, wako pale Gratiot Avenue, wameanza 1930. Ya kawaida nzuri tu, lakini ulizia inayoitwa Rainbow. Mnajua kiazi kikikaa sana kwenye baridi wanga wake unageuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inageuka rangi haraka, ndo zile krisps za kahawia viwanda vingi vinazichagua na kuzitupa. Better Made wao wanazitia kwenye pakiti yake na watu wa Detroit wanazipenda. Nilifungua nikaona nyingine rangi ya dhahabu, nyingine kahawia kabisa kama kitunguu cha biriani, ukitafuna unapata utamu kama sukari ilounguzwa na uchungu mdogo mwishoni. Sikutarajia kuzipenda vile. Nimenunua mara tatu sasa.

Cincinnati kuna Grippo's, barbekyu, wenyeji wanaapa nazo. Kwangu sukari imezidi. Mke wangu anazipenda, basi nanunua kwa ajili yake.

Louisiana ni Zapp's, zilianzia mji wa Gramercy, na hizi ni za karai hasa. Wenyewe wanaita kettle, lakini ukiangalia kazi ni ya karai tu, wanatia fungu moja la viazi, mafuta yanapoa ghafla, viazi vinaiva pole pole, ndo maana zinatoka nene, ngumu, zimejikunja. Alozianzisha ni Ron Zappe, mtu wa biashara ya vifaa vya visima vya mafuta, biashara ikaanguka, akaingia kwenye krisps 1985. Kuna za Crawtators, viungo vyake ni vile vya kuchemshia kamba wa mtoni, kali kweli kweli, unatafuta maji. Voodoo ina siki, utamu, moshi, vyote kwa pamoja. Utz waliinunua Zapp's 2011, kwa hivo hata huku Pennsylvania unazipata siku hizi. Lakini angalia tarehe. Duka moja la kando ya barabara waliniuzia pakiti ilopitwa wiki tatu, nimefungua inanuka mafuta machafu, na nilishaondoka maili 90, sikuweza kurudisha. Tarehe imepigwa juu pale mbele, isome kabla hujalipa.

Ukiwa na watoto na uko upande wa Philadelphia, wapeleke Nottingham kwa Herr's. Jim Herr alinunua kakiwanda Lancaster 1946 kwa dola 1,750, leo ni kiwanda kikubwa na wanatembeza wageni ndani, unaona viazi vinaoshwa, vinamenywa, vinakatwa, vinapita kwenye mafuta, halafu wanakupa za moto hapo hapo. Krisps ya moto ni kitu kingine jamani. Laini kidogo katikati, chumvi bado iko juu juu, harufu ni ya kiazi kilichochimbwa leo. Binti yangu alirudi kwenye ile sahani mara nne.

Disemba nilipokwenda nyumbani nilibeba pakiti nne za Utz ya kawaida kwenye begi la mkono, huko angani zikavimba kama maputo lakini zikafika nzima. Mama alipopewa hakuonja, akaniuliza kwanza, zimekaangwa na mafuta gani hizi? Nikageuza pakiti nikamsomea yote mpaka mwisho. Akachukua moja, akatafuna, akasema kiazi kizuri, halafu akamtuma mtoto jikoni alete ndimu na pilipili.