Jina moja, koo mbili: rejista ya mji au hati za shamba?

Ukitafuta mababu wa ukoo na ukakutana na akina John Smith watatu katika Massachusetts, koloni la Waingereza Amerika, miaka ya 1600, uanzie wapi: rejista ya vizazi na vifo, au hati za mashamba na wosia?

Rejista inavutia. Koloni liliagiza mwaka 1639 ndoa, vizazi na vifo viandikwe, kwa hiyo unapata tarehe, na mara nyingi majina ya wazazi. Lakini ikiandika "John Smith amefariki", haikuambii ni yupi. Tena hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25: Februari 1680 ya rejista ni Februari 1681 yetu.

Hati na wosia vinachosha macho kwa mwandiko wake, ila mimi navipa kura yangu. Mtu hujulikana kwa mipaka ya shamba lake: jirani wa mashariki, kijito, mke anayeridhia shamba liuzwe. Wosia nao humtaja binti kwa jina la mumewe. Jihadhari sana na "Senior" na "Junior". Enzi hizo maneno hayo yalitenganisha mkubwa na mdogo wa jina moja katika mji mmoja, hata wakiwa mtu na ami yake, au wasiohusiana kabisa. Mkubwa akifa, Junior aliweza kuitwa Senior.

Katika koloni la Virginia huna la kuchagua. Rejista nyingi za parokia zimepotea, na vitabu vya kaunti kadhaa viliteketea Richmond Aprili 1865. Shika hati za ardhi: aliyelipa nauli alipewa ekari 50 kwa kila mtu aliyemlipia kuja koloni, na mara nyingi majina ya waliolipiwa yaliorodheshwa.