TAHADHARI WANATANGA: Huyu anayezunguka kufunga redio za Android kwenye magari ni tapeli

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza na Pangani, someni hii kabla hamjatoa hela. Nimeibiwa mchana kweupe, mbele ya nyumba yangu, na aliyeniibia nimempa chai na chapati kwa mkono wangu. Nina hasira mpaka usingizi hauji.

Gari langu ni Toyota Premio. Redio yake ni ileile iliyotoka nayo Japani, na wenye gari za aina hii mnajua tabu yake. Masafa ya FM ya redio hizi za Kijapani yanaanzia 76 yanaishia 90, sisi huku tunatumia mpaka 108, kwa hiyo stesheni nyingi hazishiki. Ramani ni ya Japani tupu, na ukiwasha tu yule dada anaanza kukusemesha Kijapani. Nimevumilia miaka. Lakini nilikuwa na safari na wazee, nikasema mara hii niwe na ramani inayoeleweka na kamera ya nyuma.

Kijana huyu nilimwona kwanza Barabara ya 15 akifunga redio hizi za Android, zenye kioo kama cha simu, kwenye Noah ya watu, mwenye gari amesimama pembeni anafurahi. Sikumwokota mtandaoni mimi. Alikuja Makorora kwa adabu, shikamoo kwa mama, boksi limefungwa nailoni yake, akanipa mimi niifungue. Kifaa kinang'aa, kioo bado kina karatasi yake. Katikati ya kazi adhana ya adhuhuri ikalia, akaweka bisibisi chini, akaenda kuswali na sisi. Niambieni, mtu kama huyo utamshuku kwa lipi?

Tuliporudi akamalizia, akawasha. Wallahi palikuwa pazuri. Sauti imejaa gari zima, watoto wamejazana dirishani. Akaingia kwenye "kuhusu kifaa", akanionyesha kwa kidole: memori GB 8, hifadhi GB 128, Android 13. Akafungua ramani, akaandika Raskazone, mstari wa buluu ukachoreka kutoka mtaani kwetu mpaka baharini, na sauti ya kike ikasema geuka kulia. Akarudisha gia nyuma, kamera ikawaka, nikaona mpaka kuku wa jirani. Nikamwambia basi tuzunguke kidogo tuone ramani ikitembea. Akasema, "Kaka, nina mteja Muheza ananisubiri tangu asubuhi, na hii nimekupa garantii ya mwaka mzima, una wasiwasi gani?" Bei ilikuwa 450,000, redio ya zamani akaichukua kwa 80,000, nikamtumia 370,000 kwenye simu palepale. Akaibeba redio yangu kwapani, akapanda bodaboda, akaondoka.

Kesho yake alfajiri gari haiwaki. Betri imekufa kabisa, tumebusti kwa gari ya jirani. Njiani skrini ikajizima, ikawaka yenyewe, ikajizima tena. Ramani mshale umeganda Makorora na sisi tumeshaipita Pongwe! Mzee nyuma ananiuliza, "Hiki ndicho ulichonisifia usiku kucha?" Sikuwa na jibu. Aibu ile mbele ya mzee inaniuma kuliko hela.

Nikampigia. Mara ya kwanza akasema nizime niwashe. Baadaye simu ikawa haipatikani, na WhatsApp nikaona picha yake imetoweka. Kaniblok.

Fundi umeme wangu alipofungua dashibodi aliguna tu. Soketi ya Toyota, ile inayounganisha waya za redio, imekatwa, haipo. Waya wa njano, ambao una moto wa betri muda wote, na mwekundu unaotakiwa kupata moto ukizungusha ufunguo, vimesokotwa pamoja kwa mkono na kufungwa seloteipu ya karatasi. Kwa hiyo redio haizimiki kabisa, inanyonya betri usiku kucha. Pembeni, kwa sababu nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio hizi za kawaida ni 178, amejazia vipande vya katoni badala ya fremu. Na antena ya jipiesi (GPS), inayoijulisha ramani gari lilipo, HAIPO. Tundu lake nyuma ya redio liko wazi. Ile ramani aliyonionyesha ilikuwa inakisia tulipo kwa intaneti ya hotispoti ya simu yake, ndiyo maana hakutaka gari isogee. Fundi akaweka programu nyingine ya kupima, memori ikasoma GB 1. Ile 8 imeandikwa tu kwenye kioo.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kurudishiwa hela halafu aachiwe akamwibie mwingine. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, lipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, mpaka miaka 7. Apewe yote saba. Anaingia majumbani mwa watu, anakula chakula cha watu, anaswali nao, kisha anawakatia waya za magari yao. Fikirieni angemfungia mama mjane anayeendesha usiku, ule waya ukashika moto barabarani.

Mengine yaliyopaswa kunishtua nayasema haraka haraka. Jina lililotokea wakati wa kutuma hela lilikuwa la mwanamke, akasema ni laini ya mkewe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, akasema mashine iko dukani, na duka lenyewe hakuna anayelijua. Garantii ilikuwa ya mdomo. Anayewafungia akatae gari kuendeshwa kabla ya kulipwa, msilipe. Zimeni hotispoti yake, wekeni bando lenu, muone mshale unatembea au hautembei. Na redio yenu ya zamani msimpe, wala soketi isikatwe, adapta zake zinauzwa.

Namba aliyotumia nimeituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na jalada limefunguliwa kituo cha polisi Chumbageni. Jina siliandiki hapa, polisi wanalo. Mwenye ile Noah ya Barabara ya 15, kama unasoma, nakuomba sana unitafute. Na wengine mliofungiwa na huyu kijana msione haya, njooni tuandikishe maelezo pamoja, maana askari ameniambia walalamikaji wakiwa wengi kesi inakuwa na nguvu.