Ukuta wa paili kwa besimenti ya Dar: kinacholipiwa ni unyoofu wa shimo

Mwenye kiwanja katikati ya Dar es Salaam anayetaka besimenti huletewa bei za aina mbili za ukuta wa paili, yaani nguzo za zege zinazomwagwa ndani ya mashimo ardhini: paili za kupanga bega kwa bega, na paili za kukatana. Za kwanza ni nafuu, na kwenye mfinyanzi mkavu zinatosha kabisa. Kwenye mchanga wenye maji ya karibu, hapana. Kati ya paili na paili huachwa mwanya wa milimita 50 hadi 150, na maji yakianza kuvutwa shimoni yanapita hapo pamoja na mchanga laini. Ukuta unaweza kusimama vizuri tu, huku nyumba ya jirani ikipasuka kwa sababu udongo wa chini ya msingi wake umehamia kwako.

Za kukatana huchimbwa kwa zamu. Namba witiri hutangulia, kwa zege dhaifu lisilo na nondo. Kisha za shufwa, zenye nondo, hutobolewa zikimega ubavu wa zile za kwanza kabla zege lao halijakomaa. Mkandarasi akichelewa, mashine inateleza kwenye zege gumu na shimo linapinda.

Na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chukua paili za kipenyo cha milimita 600, kina mita 12, zinazoingiliana milimita 150. Ukikubali mwinamo wa 1 kwa 75, yaani kuhama pembeni milimita 1 kwa kila milimita 75 za kina, kila moja inaweza kuhama milimita 160 kule chini. Mbili zikiinama pande tofauti, ukuta umefunguka pale pale maji yalipo na nguvu zaidi. Kwa 1 kwa 200 kila moja inahama 60, jumla 120, bado zimeshikana. Kwa hiyo dai mambo mawili kwenye mkataba: bomba la chuma la kukinga shimo, na mhimili wa zege wa kuongoza mashine, unaomwagwa juu ya ardhi kabla ya kutoboa.

Kazi ya zege inafanyika vizuri pale inaposimamiwa. Kitako cha bomba la kumwagia zege kibaki ndani ya zege angalau mita 1.5 muda wote; likichomolewa mapema, tope linaingia katikati ya paili. Zege liwe la kutiririka, mshuko (kiasi zege linavyoshuka kibati cha kipimo kikiinuliwa) wa milimita 180 hadi 220. Paili moja ya vipimo hivyo inahitaji mita za ujazo 3.4, kwa hiyo linganisha na risiti za gari la zege. Likiingia zaidi sana, kuta za shimo zimemomonyoka. Likiingia pungufu, paili ina shingo nyembamba. Kagua pia biskuti, vile vipande vya kutenga nondo na udongo, kwenye kizimba cha nondo: milimita 75 pande zote, maana kizimba kikiegemea udongo nondo zitaota kutu.

Vichwa vya paili vikatwe hadi zege safi, vifungwe kwa mhimili wa juu, ndipo uchimbaji uanze, kwa hatua. Kushikilia ukuta, nanga za kurudi nyuma, yaani nyaya za chuma zinazotobolewa kwenye udongo wa nyuma ya ukuta, zinaacha shimo wazi lakini zinaingia chini ya kiwanja cha jirani, kwa hiyo zinahitaji ridhaa yake. Akikataa, ni mihimili ya chuma ya kukingamiza ndani ya shimo, na kazi inakuwa ya polepole.

Kwa besimenti ya ghorofa moja yenye nafasi pembeni, usinunue huduma hii: chimba kwa mteremko. Gharama ya kuleta mashine tu haitarudi.