Mashine ya hewa au kifaa cha mdomoni kwa anayekatika pumzi usingizini?

Mtu anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akihema: koo lilikuwa limeziba. Kila pumzi inapokatika, oksijeni hushuka, mwili humwaga adrenalini na presha hupanda, usiku kucha. Ndiyo maana wengi wenye presha sugu, isiyosikia dawa, wana tatizo hili.

Mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan huko Australia na kuitangaza mwaka 1981, hupuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ambaye pumzi yake hukatika au kupungua mara 30 na zaidi kwa saa aanzie hapo, sina shaka. Taabu ni kuivaa: pua hukauka, barakoa huvuja, na wengine huivua saa nane za usiku. Katika utafiti mkubwa wa SAVE wa mwaka 2016, wagonjwa wa moyo na kiharusi waliitumia wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Haikuwapunguzia mshtuko wa moyo wala kiharusi kipya, ila kusinzia mchana kulipungua.

Kifaa cha mdomoni, kinachopimwa na daktari wa meno, husogeza taya la chini mbele. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya mashine, lakini watu hukivaa saa nyingi zaidi, hivyo presha hushuka karibu sawa. Kwa tatizo dogo au la wastani ningekichagua, mradi meno ni imara. Ukishakizoea, rudia kipimo cha usingizi: kukoroma kunaweza kuisha huku pumzi bado inakatika.