Hadubini ya Kuonea Seli: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kabla ya kusoma boksi, soma lenzi. Ubavuni mwa lenzi ya chini, ile inayosogea karibu na kitu unachokitazama, huwa pameandikwa namba mbili, mfano 40/0.65. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipimo cha mwanga ambao lenzi inaweza kuukusanya, nayo ndiyo inayoamua kama nukta mbili zilizokaribiana zitaonekana mbili au doa moja. Zidisha hiyo ya pili kwa 1000: kwa lenzi hii, ukishapita mara 650 picha inakua tu, hakuna jipya linaloonekana. Boksi linalotangaza "mara 1600" kwa kuweka lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya 40 (40 mara 40) linakuuzia ukungu.

Mholanzi Leeuwenhoek, mtengenezaji wa lenzi, aliona bakteria katika miaka ya 1670 kwa lenzi moja isiyofika mara 300. Mtaalamu wa mimea Robert Brown naye alitumia lenzi moja kukitambua kiini cha seli mwaka 1831. Wanasayansi wa Kijerumani Schleiden na Schwann walipotoa nadharia ya seli, kwamba mimea na wanyama wameundwa kwa seli, 1838 na 1839, lenzi zisizotia rangi kingoni mwa picha zilikuwa zimeanza kuenea. Rangi hizo zikague hata leo: mstari mweusi ukionekana na ukingo wa buluu au mwekundu, lenzi ni duni.

1. Hadubini ya maabara ya shule. Lenzi za chini 4, 10 na 40, ya jicho 10. Hii ndiyo ya kununua. Iwe na kondensa, yaani lenzi ya chini ya jukwaa inayoelekeza mwanga kwenye kitu unachokitazama, yenye kiwambo cha kufungua na kufunga mwanga. Bila hicho, seli za mdomoni, ambazo karibu hazina rangi, hazionekani. Lenzi ya 100 hufanya kazi vizuri kwa mafuta yake maalumu tu, kwa hiyo kama huchunguzi bakteria, iache.

2. Foldscope. Ya karatasi, lenzi moja, takriban mara 140. Seli za kitunguu zinaonekana vizuri. Kuituliza mkononi ndiyo kazi.

3. Hadubini ya macho mawili ya mara 10 hadi 40. Nzuri sana kwa wadudu na maua, lakini kwa seli haitoshi.

4. Kamera ya USB. "Mara 1000" yake mara nyingi huhesabiwa kwa ukubwa wa skrini. Seti za plastiki zenye kioo kidogo cha kuakisi mwanga hazistahili hata namba.

Ukijaribu ya kwanza, weka ngozi nyembamba ya kitunguu yenye tone la maji au ayodini. Rekebisha kwa lenzi ya 10, kisha zungusha ije ya 40: seli ibaki karibu na katikati na kuonekana kwa kurekebisha kidogo tu. Iache dakika chache bila kuigusa. Picha ikififia yenyewe, jukwaa linateleza, usiichukue.

Na nunua vioo vya kufunikia vya milimita 0.17. Lenzi ya 40 imetengenezwa kwa unene huo. Kioo kinene huleta picha hafifu, na wengi huilaumu lenzi bure.