Darubini ya 10x50 ya Digo Road, na ubishi wa Kilimanjaro 1951

Hii darubini ya 10x50, yaani yakuza mara 10 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 50, nimeinunua kwa sababu ya ubishi tu, wallahi. Maskani kwetu kuna mada haiishi, ile kitu iliyoonwa juu ya Kilimanjaro tarehe 19 Februari 1951, asubuhi jua lishatoka. Kwa wasioijua, ndege ya shirika la East African Airways, aina ya Lodestar, ilikuwa yaja huku Mombasa kutoka Nairobi, rubani Kapteni Jack Bicknell, haijamaliza nusu saa hewani mtu wa redio akaona kitu chang'aa kimetulia tuli juu ya mlima, wakakitazama dakika 17 yeye na rubani na abiria, na abiria mmoja alikuwa na darubini kali. Wakasema ni cha chuma, umbo la risasi, kina mistari ubavuni, urefu futi 200 na zaidi, halafu kikapanda juu kikaenda zake.

Sasa tuje kwa mali yenyewe. Ami muuzaji, pale Digo Road mjini Mombasa, alianza na shilingi 8,500 tukamalizana 6,500, bei ya haki kwa maoni yangu manake ni nzito, raba yake haitelezi hata mkono ukiwa na jasho, na kwa joto hili la kwetu mkono mkavu utautoa wapi. Nikaenda nayo Mama Ngina, pale kando ya bahari, nikachukua mihogo na pilipili, nikakaa nangojea meli. Meli ya makontena ikiingia Kilindini jina lake ubavuni lasomeka vizuri tu, katikati picha safi sana, pembeni yalegea kidogo, na kitu cheupe chenye jua kali chapata ukingo wa zambarau. Shida kubwa ni mtetemo, kila mkono ukitikisika kidogo picha yatikisika mara 10, lazima uegemee ukuta. Hapo ndio nikaanza kumfikiria yule abiria, yeye alikuwa ndani ya ndege ya mapangaboi!

Na kama wewe ni wa mchana tu usichukue ya lenzi ya 50, ukubwa wakudanganya tu. 50 gawa kwa 10 wapata mwanga wa upana wa milimita 5, na mchana mboni ya jicho imejikaza labda milimita 2 au 3, kwa hivyo mwanga mwingi wamwagika bure na shingo ndiyo yabeba uzito. 8x30 yatosha kabisa na haitetemeki hivyo. Hii ni ya magharibi na usiku.

Turudi kwa ubishi. Nikachukua ramani nikapima, dakika 20 baada ya kuruka ndege ilikuwa bado mbali na mlima zaidi ya kilomita 100. Kitu cha futi 200, yaani kama mita 60, kwa umbali huo macho matupu yataona nukta tu, na ukiweka darubini ya mara 10 kitakuwa bado kidogo kuliko huu mwezi tunaouona kwa macho. Kung'aa nakubali, chuma kikipiga jua chaonekana mbali sana. Lakini mistari, na ndege yatikisika? Basi ama kilikuwa karibu zaidi na hakikuwa juu ya mlima, ama ni kikubwa kuliko walivyosema, manake bila kujua umbali huwezi kujua ukubwa, hata uwe na darubini ya bei gani. Sisemi walidanganya, watu wazima ndege nzima wamekitazama dakika 17 waliona kitu. Ila hizo futi 200 mimi sizinunui, na maskani wamenikasirikia kweli.

Kasoro nyengine, mkanda wake ni takataka, badilisha siku hiyo hiyo, na vifuniko vya lenzi vyaanguka ovyo. Chumvi ya bahari ifute na kitambaa laini, usitumie shati. Nyota 4 kwa 5, na ukiwa na safari ya ndege ya asubuhi kutoka Nairobi kuja Mombasa omba dirisha la kulia, mlima uko upande huo.